Elimu Iliyolipiwa na Umma

Mwaka 1665 Henry Oldenburg, katibu wa Chama cha Kifalme cha London, alianza kutoa jarida la Philosophical Transactions. Tangu hapo wanataaluma wamekuwa wakipashana habari za utafiti wao kwa njia ya majarida. Aghalabu hawaandiki ili walipwe, bali ili kazi yao ijulikane na ipimwe na wenzao. Desturi hiyo njema ndiyo iliyozaa tatizo tunalolieleza hapa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali zilitoa fedha nyingi kugharimia sayansi, na makala yakaongezeka. Makampuni nayo yakaona faida. Pergamon, iliyokuwa chini ya Robert Maxwell tangu mwaka 1951, ilikua hata ikanunuliwa na Elsevier mwaka 1991. Biashara hiyo ilikuwa ya ajabu. Umma ulimlipa mtafiti. Mtafiti aliandika, akapima makala ya wenzake bila malipo, kisha akamkabidhi mchapishaji haki zake. Mwishowe maktaba ya chuo, mara nyingi kwa fedha za umma ule ule, ililinunua jarida. Bei zilipozidi kupanda, wakutubi walilazimika kuacha baadhi ya majarida na kupunguza ununuzi wa vitabu.

Nchini Marekani serikali iliingilia kati hatua kwa hatua. Mwaka 2005 Taasisi za Taifa za Afya ziliwaomba watafiti waliopewa fedha zao waweke nakala za makala katika hifadhi ya PubMed Central, iliyofunguliwa mwaka 2000. Walioitikia walikuwa wachache. Kwa hiyo Kongresi ilitunga sheria, na kuanzia Aprili 2008 ombi likawa amri: makala yafunguliwe kwa wote kabla ya kupita miezi 12 tangu kuchapishwa. Mwaka 2013 Ikulu ilieneza agizo kama hilo kwa idara nyingine kubwa zinazogharimia utafiti, na Agosti 2022 ikaelekeza kwamba muda huo wa kungoja uondolewe kabisa. Taasisi za Afya zilianza kulitekeleza tarehe 1 Julai 2025.

Hata hivyo, wahenga walisema: rahisi ghali. Wachapishaji wengi waliokosa malipo ya msomaji walimgeukia mwandishi. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja ya wazi. Maktaba nazo zilibadili kazi. Chuo Kikuu cha California kilivunja mashauriano yake na Elsevier mwaka 2019, kisha mwaka 2021 kikafikia mkataba uliounganisha gharama za kusoma na za kuchapisha. Hivyo mkutubi, aliyekuwa mnunuzi wa majarida, amekuwa pia mlipaji wa uchapishaji na mlinzi wa hifadhi ya chuo chake.

Jambo hili latuhusu. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi sasa aweza kusoma bure makala ambayo zamani yalifungiwa. Lakini mwalimu wake atakayetaka kuandika humo aweza kukuta mlango mwingine umefungwa kwa ada. Njia nyingine ipo: mpango wa SciELO, ulioanza Brazili mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa fedha za umma, umeonyesha kwamba taifa laweza kuyategemeza majarida yake lenyewe na kuyaacha wazi. Elimu haiwi mali ya wote kwa kusomwa tu. Hapana budi wote wapate pia nafasi ya kuiandika.