Siku Moja Bagamoyo

Katika kitabu hiki cha Jubilei twasoma habari za waliotutangulia. Nami naomba niwasimulie jambo nililojifunza Bagamoyo, huenda likawafaa hasa waalimu wenzangu.

Mimi na mwenzangu mmoja tulitoka Unguja kwa jahazi, nia yetu kufika Dar es Salaam, kisha nyumbani Sanje. Lakini upepo wa kusi ulitukabili kwa nguvu, nahodha akaelekea Bagamoyo, akatia nanga, akasema, "Tutangoja hata kesho." Basi tukaitumia siku ile kuizuru Misioni ya kale, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Nyumba ya Masista, iliyojengwa mwaka 1876, siku hizi ni makumbusho.

Mle ndani tuliona minyororo ya watumwa, picha na maandishi ya zamani. Mwenzangu alisimama kitambo mbele ya minyororo ile, akaniuliza, "Walioivaa waliitwa nani?" Sikuwa na jibu.

Kisha tukauendea mnara wa kanisa la kwanza. Hapo uliletwa mwili wa Daktari Livingstone, tarehe 24 Februari 1874. Yeye alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili ule mabegani yapata miezi tisa, na baadhi yao walikufa njiani.

Pamoja nao alikuwamo Jacob Wainwright, Myao. Alitiwa utumwani angali mtoto, akaokolewa na manowari ya Waingereza, akasomeshwa Nasik, Bara Hindi. Kule kwa Chitambo ndiye aliyechonga katika mti jina la marehemu na tarehe. Ndiye pia aliyeandika daftari ya safari. Daftari hiyo yatunzwa hata leo Blantyre, Scotland, mji alikozaliwa Livingstone. Kwa kalamu yake twaisikia sauti ya Mwafrika aliyekuwapo.

Hapo nilijilaumu moyoni. Marehemu babu yangu alizijua njia za milima ya Udzungwa, na makaburi ya wazee, kabla milima hiyo haijafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Alinisimulia mara nyingi, nami kalamu ninayo, nisiandike. Alipofariki, habari zile zilizikwa pamoja naye.

Waalimu wenzangu, kila shule ina daftari, na kila kigango kina wazee. Mtumeni mtoto akamwulize babu yake na bibi yake: majina, mahali, miaka. Ayaandike, nanyi myatunze. Tusipofanya hivyo, siku moja wajukuu wetu watasimama mbele ya jembe letu na chungu chetu, nao wataulizana, "Wenyewe waliitwa nani?" Wala hatakuwapo wa kuwajibu.