Kutoka Barabara ya Vumbi hadi Simuleta: Historia ya Upimaji wa Mwenendo wa Magari na Nafasi ya Barabara za Ufipa

Insha hii inachunguza namna upimaji wa mwenendo wa magari ulivyohama kutoka barabarani kwenda katika simuleta, na maana ya uhamaji huo kwa watumiaji wa barabara ya Tunduma–Sumbawanga ipitayo Laela. Hoja kuu ni kwamba ndani ya simuleta gari hupimwa kwa barabara ile tu ambayo mtengenezaji ameamua kuiingiza katika hesabu.

Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa pia uwanja wa majaribio kwa watengenezaji. Datsun, iliyoanza kushiriki mwaka 1963, ilipata ushindi mwaka 1970. Vumbi, tope na mashimo vilifichua udhaifu wa springi, shokapu na bodi. Hata hivyo, barabara haitoi jaribio lilelile mara mbili: mvua ya usiku mmoja huifanya kona ya jana kuwa kona nyingine.

Simuleta ilijibu tatizo hilo. Katikati ya miaka ya 1950, Eric Gough wa kampuni ya Dunlop, Uingereza, aliunda mashine ya miguu sita ya kupimia tairi. Muundo wa aina hiyo ulikuja kubeba simuleta za ndege, na mwaka 1985 Daimler-Benz ilizindua simuleta ya magari ya miguu sita mjini Berlin. Dereva anapozungusha usukani, kompyuta hukokotoa nguvu zinazoikabili tairi, kisha huinamisha chumba alichoketi ili mwili wake uhisi msukumo wa kona au wa breki. Kwa njia hiyo kona moja hurudiwa kwa springi laini na ngumu, kabla gari la mfano halijaundwa, na dereva anayepoteza mwelekeo haumii.

Usahihi wa hesabu hizo, hata hivyo, hutegemea maelezo ya mgusano wa tairi na barabara. Juu ya lami mgusano huo hutabirika zaidi. Juu ya changarawe legevu tairi huzama na kuisukuma ardhi yenyewe. Hapa ndipo Laela inapohusika. Kufuatia mkataba wa mwaka 2008 baina ya Tanzania na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, sehemu za Ikana–Laela, takriban kilometa 64, na Laela–Sumbawanga, takriban kilometa 95, ziliwekwa lami. Lakini mahindi ya Ufipa huanza safari vijijini, katika njia za udongo, ndani ya malori yaliyosheheni. Gari lililosifiwa kwa utulivu wake juu ya lami ya kompyuta halijathibitishwa kwa safari hiyo.

Kwa hiyo, mwanahistoria wa teknolojia hana budi kuuliza, pamoja na tarehe za uvumbuzi, ni barabara zipi zilizopimwa na zipi zilizoachwa. Kupima uso wa njia za Ufipa, masika na kiangazi, na kuuingiza katika simuleta, ni kazi inayoweza kufanywa na watafiti wa hapa nchini. Isipofanywa, majaribio ya njia hizo yataendelea kufanywa na madereva na abiria wake, kwa gharama ya maisha yao.