Mpaka Juu ya Maji: Kahawa na Magendo ya Ziwa Kivu

Mwaka 1910, wajumbe wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza walikutana Brussels wakakubaliana mipaka ya nchi za Kivu na Rwanda. Kisiwa cha Idjwi kikawa cha Wabelgiji. Wakazi wake, waliokuwa na jamaa na masoko ng'ambo zote mbili, hawakuulizwa. Safari ya mtumbwi iliyokuwa ya kawaida ikageuka kosa.

Hata hivyo, mpaka peke yake hauzai magendo. Huhitaji pia tofauti ya bei. Tofauti hiyo ilikua baada ya 1973, serikali ya Zaire ilipotwaa mashamba na biashara za wageni na kuwakabidhi raia wachache. Mashamba mengi yalizorota, barabara zikaharibika, kisha vita vya miaka ya 1990 vikawafukuza wanunuzi. Mkulima wa Minova au Idjwi akabaki na kahawa bila soko, huku Rwanda ikionekana kwa macho ng'ambo ya ziwa. Akaipakia usiku. Wengi walizama kwa mawimbi na uzito wa mizigo, wakaacha wajane na yatima.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa Minova walianzisha kooperativa ya SOPACDI, na hatimaye wakaosha na kuuza kahawa yao wenyewe. Bei nzuri ilipofika kijijini, haja ya kuvuka usiku ilipungua.

Ndugu wapendwa, tukimlaumu anayevuka gizani, tuulize pia ni nani aliyemwachia njia hiyo tu.