Sabuni Ndani ya Mafuta

Katika somo lililopita tulieleza jinsi sabuni inavyoyafanya maji yachukue mafuta. Leo tutazame kinyume chake, yaani jinsi mafuta yanavyoweza kuchukua maji, nayo maji yasionekane. Ninyi mnaolisoma somo hili mna bahati kuliko wasikilizaji, maana penye ugumu mwaweza kurudi nyuma.

Mwakumbuka ya kuwa molekuli ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa hupenda maji, mkia hupenda mafuta. Lakini zikiwa nyingi majini, molekuli hizo hukaaje? Hapo ndipo ubishi ulipoanzia.

Mwaka 1913, James William McBain, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifundisha kemia huko Bristol, Uingereza, alitoa shauri la ajabu. Maji ya sabuni yalikuwa yamepimwa kwa njia mbili, na vipimo havikupatana. Kimoja kilihesabu chembe zinazoelea majini kila moja peke yake, zikaonekana chache mno kuliko sabuni iliyotiwa. Kingine kilikuwa cha umeme. Ikiwa chembe ni chache hivyo, umeme ungepita kwa taabu. Kumbe ulipita vizuri. Mtu mwingine angelaumu vyombo vyake. McBain alisema molekuli zimekusanyika vikundi vikundi, na kila kikundi kinachukua umeme wa wengi. Inasimuliwa kwamba mwenyekiti wa mkutano mmoja wa wataalamu huko London alimkata kauli kwa kumwambia ni upuuzi. Hakuacha. Vikundi hivyo ndivyo vinavyoitwa miseli, na mwaka 1936 G. S. Hartley alieleza umbo lake: kama mpira mdogo, mikia imejificha ndani, vichwa vimeelekea nje kwenye maji.

Basi sasa badala ya maji chukua petroli, au mafuta mengine mepesi. Huko mikia iko kwao, haina sababu ya kujificha. Walio ugenini ni vichwa. Kwa hiyo vichwa hukutana katikati na mikia ikatazama nje, mithili ya kanzu iliyogeuzwa ndani nje. Hii ndiyo miseli ya kinyume. Ukidondosha maji kidogo, huingia mle katikati penye vichwa, yakatulia kama maji ndani ya dafu.

Mwaka 1943 T. P. Hoar na J. H. Schulman, wote wa Cambridge, waliandika habari za michanganyiko ya namna hii katika gazeti la sayansi liitwalo Nature. Mafuta, maji na sabuni vikikorogwa kwa kawaida huwa vyeupe kama maziwa. Lakini sabuni ikiwa nyingi, tena ikiongezwa alkoholi ya namna fulani, weupe hutoweka na chombo huwa safi kama kioo. Macho yangesema maji yameyeyuka katika mafuta. Wao walisema sivyo: maji yangaliko, yamefungwa katika vitone vidogo mno. Chukua milimita moja uigawe mara milioni, upate nanomita. Mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa nanomita 400 hadi 700, ilhali vitone hivyo vina upana wa nanomita chache, au makumi. Mwanga huvipita karibu bila kutawanyika. Mimi naona hapa ndipo penye uzuri wa habari hii, kwamba walikataa kuyasadiki macho yao.

Faida yake waijua madobi wa drai klina. Dawa yao ya kufulia hutoa mafuta katika suti ya sufu, lakini haiwezi doa la sukari wala chumvi ya jasho, vitu vinavyotaka maji. Nayo sufu ikilowa majini huweza kurudi, ikambana mwenyewe. Hivyo hutia katika dawa ile kitu cha jamii ya sabuni pamoja na maji kidogo. Maji yaliyomo ndani ya miseli huchukua chumvi na sukari, na suti haikulowa.

Mwaka 1977 K. Martinek na wenzake huko Moscow walitangaza jambo kubwa zaidi. Vimeng'enya, vile vitu vinavyosaga chakula tumboni, kwa kawaida huharibika katika dawa kama hizo. Wao walivitia ndani ya miseli za kinyume, kila kimoja na maji yake kidogo, navyo vikafanya kazi katikati ya mafuta.

Tena ukubwa wa vitone huchaguliwa: sabuni ikiwa ileile na maji yakizidi, kitone hukua. Mwaka 1982 Magali Boutonnet na wenzake walivitumia kama vyungu vidogo vya kutengenezea chembe za platinamu.

Kitu kinachotumiwa sana katika majaribio haya huitwa AOT. Huenda umekwisha kukimeza: hospitalini huitwa dokuseti, nacho hupewa mtu aliyefunga choo.