Mawingu ya Le Gray na ufuko wetu wa Tanganyika



Tangu Uvira mpaka Moba watu wanapiga mafoto mingi ya ufuko wa Tanganyika, na shida ninayoona ni ile ile: ama anga imekuwa nyeupe tupu kama shuka, ama anga ni nzuri lakini mitumbwi na watu wamekuwa giza. Wengi wanasema ni juu ya telefone ya bei ndogo. Mimi nasema hapana. Hiyo shida iko ya kitambo sana, na historia yake inaweza kutufundisha kuliko kununua apareyi mpya.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kupiga foto kwenye kioo kilichopakwa dawa, kolodioni. Kioo kilipaswa kupigwa na kusafishwa kingali kibichi, njo maana mpiga foto wa safari alibeba hema ya giza mpaka kando ya maji. Lakini ile dawa ilikuwa na kasoro: mwanga wa buluu iliushika haraka sana, ule wa nyekundu na manjano kwa shida. Anga ilijaa mwanga wakati ardhi haijaonekana bado. Njo sababu mafoto mingi ya wakati ule yana anga tupu, bila wingu hata moja.

Halafu akatokea Mfaransa Gustave Le Gray. Alizaliwa mwaka 1820, na mbele ya kushika apareyi alisomea uchoraji kwa Paul Delaroche huko Paris. Mwaka 1856 alipiga foto ya merikebu iko baharini, mawingu yanang'aa juu yake. Watu wa London walipoiona walishangaa. Wengi waliamini ni mwanga wa mwezi. Kumbe ilikuwa mchana! Aliuelekea mwangaza wa jua lililofichwa na mawingu, akakubali merikebu iwe kivuli. Hapo kuna somo la kwanza: huwezi kuangaza kila kitu. Chagua kile unachotaka kionekane, kingine ukiache kiingie giza.

Mwaka 1857 akaenda Sète, kwenye bahari ya Mediterania, akapiga foto inayoitwa Wimbi Kubwa. Hapo alitumia vioo viwili: kimoja cha bahari, kingine cha mawingu, kila kimoja na mwanga wake. Akavichapisha kwenye karatasi moja, vikakutana pale maji yanapogusa anga. Ukitazama vizuri utaona mawingu yamekatwa kwenye ule mstari. Tena kuna mawingu yake yanayorudi katika zaidi ya foto moja!

Je, huo ni uongo? Kabla ya kumhukumu, tuangalie telefone zetu. Nyingi za leo zinapiga foto kadhaa kwa mara moja, zingine za mwanga mingi, zingine za mwanga kidogo, halafu zinaziunganisha zenyewe. Ni kazi ile ile ya vioo viwili, ila sasa mawingu ni ya saa ile ile na mahali pale pale. Lakini kuna kitu telefone haiwezi kukufanyia: kuchagua saa na mahali pa kusimama.

Hapa kwetu hiyo ni muhimu, juu sisi tuko magharibi ya ziwa. Wenzetu wa Kigoma wanaona jua likizama ndani ya maji. Sisi tunaliona likitoka ndani ya maji asubuhi, na jioni linapotea nyuma ya milima. Kwa hiyo asubuhi mapema, wavuvi wa ndagala wakirudi na taa zao, gusa sehemu yenye mwangaza kwenye kioo cha telefone: mitumbwi itakuwa vivuli safi, kama merikebu ya Le Gray. Unataka sura ya mvuvi? Zunguka, jua likuwe mgongoni mwako, ama ungoja alasiri mbele milima haijalificha.

Kisha nyoosha ule mstari wa maji. Ukipinda, ziwa linaonekana kama linamwagika. Kama mawingu njo mazuri, shusha mstari uyape nafasi. Kama mawimbi ama nyavu njo zina habari, upandishe. Na uweke kitu karibu, jiwe, kamba ama pua ya mtumbwi, jicho lipate pa kuanzia safari.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Miaka hii ziwa lilipanda, likaingia katika nyumba za watu Uvira na Kalemie. Mafoto ya ufuko si ya kupendeza tu tena, ni ushuhuda. Kesho mtoto atauliza maji yalifika wapi, na foto njo itamjibu. Foto ya namna hiyo mimi sikubali ibandikwe mawingu ya siku nyingine, hata yangekuwa mazuri namna gani. Ile ya kupamba nyumba ni habari tofauti, mradi useme umefanya nini.

Le Gray mwenyewe alifunga studio yake kwa ukosefu wa pesa, akaondoka Ufaransa mwaka 1860 kwenye meli ya mwandishi Alexandre Dumas, akaishia kufundisha kuchora huko Cairo, na hapo hapo akafa mwaka 1884. Mwaka 1999 nakala moja ya Wimbi Kubwa iliuzwa London zaidi ya pauni 500,000. Yeye hakuona hata senti moja ya hiyo pesa. Jicho lake njo limebaki, na hilo halinunuliwi.

Wenzangu wa Kalemie, Uvira, Baraka na Moba, mnasemaje? Mtu akiongeza mawingu kwenye foto ya ufuko wetu, tumuite fundi ama mwongo?