Proje ikiisha, nani anabaki? Historia ya programu za tabia njema katika shule za Marekani

Wandugu, kila mmoja wetu aliyepita sekondari hapa kwetu anamujua direkteri wa disiplini. Anajua pia ile mustari wa konduite kwenye buletini, na anajua namna mutoto anarudi nyumbani na karatasi: siku tatu inje, arudi na muzazi. Leo nataka tuangalie watu wengine waliokuwa na shida ya namna hiyo, na dawa waliyojaribu. Ni Wamarekani. Juu ya watoto wenyewe sitasema sana. Nitasema juu ya ofisi, kwa sababu njo huko mambo yalisimama ao yalianguka.

Kwanza tuelewe mupango wao. Kule, shule ya Leta haiongozwe moja kwa moja na waziri wa muji mukuu. Iko chini ya distrikti ya shule. Ni kama sous-division yetu, lakini yenye meno: kwa kawaida iko na halmashauri inayochaguliwa na wakaaji, iko na mukuu wake, inaajiri walimu, na sehemu kubwa ya feza inatoka katika kodi ya nyumba na viwanja vya pale pale. Distrikti hizo ziko zaidi ya 13,000. Ingine iko na shule mbili tatu za kijijini. Ile ya Los Angeles iko na mamia.

Nidhamu yao ya zamani haikukuwa mbali na yetu. Katika mwaka 1977 Mahakama Kuu ilihukumu kesi ya wanafunzi wa Miami waliochapwa na kibao mupaka kuumia. Waamuzi wengi walisema ile sehemu ya Katiba inayokataza azabu za ukatili haihusu fimbo ya shule. Kisha, katika mwaka 1994, sheria ya taifa ililazimisha kwamba mwanafunzi anayeleta bunduki afukuzwe angalau mwaka mumoja. Hapo hakuna mwenye kubisha. Lakini distrikti nyingi zilipanua ile mantiki: kupigana, dawa za kulevya, mupaka kujibu mwalimu vibaya, vyote vikaingia katika kapo la «hakuna kuvumilia». Mutoto anakosa, anatoka.

Wakati ule ule, mawazo mengine yalikuwa yanaingia kupitia mulango ambao watu wengi hawakuutazamia: watoto wenye ulemavu. Tangu mwaka 1975 sheria iliwapa haki ya kusoma katika shule ya Leta. Sasa, kati yao kuko wenye ulemavu unaoonekana katika tabia. Distrikti ya San Francisco ilitaka kufukuza wawili wa namna hiyo, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Katika mwaka 1988 jibu lilikuwa wazi: shule haiwezi kumutoa mutoto kama huyo kwa uamuzi wake peke yake juu ya tabia inayotokana na ulemavu wake. Basi, kama huwezi kumufukuza, utafanya nini naye? Katika mwaka 1997 sheria ilirekebishwa na ikataja kwa jina musaada chanya wa tabia. Mimi naona hii ni sehemu nzuri kuliko zote katika historia hii. Wale ambao kila mutu alitaka watoke njo waliolazimisha wakubwa kufikiri.

Wenye kufikiri walikuwa tayari. Katika Chuo Kikuu cha Oregon, George Sugai, Rob Horner na wenzao walikuwa wanachukua mbinu za kumusaidia mutoto mumoja na kuzipanua zifae shule nzima. Shule moja iliyojulikana sana ni Fern Ridge, ya watoto wa miaka 11 mupaka 14 hivi, katika Elmira, kamuji kadogo ka Oregon. Katikati ya miaka ya 1990, walimu wa pale walipatana juu ya kanuni tano tu. Kisha wakazifundisha kama vile wanafundisha hesabu, lakini pale pale zinapotumika: namna ya kutembea katika koridori walifundishia katika koridori, namna ya kupanga mustari wakafundishia kwenye chumba cha kula. Mutoto anayefanya vizuri anaambiwa, anapewa tikiti kadogo. Katika mwaka wa kwanza, idadi ya watoto waliotumwa kwa ofisi juu ya makosa ilipunguka kwa zaidi ya theluthi moja.

Ile tikiti ilileta maneno. Kuko waliosema ni kununua watoto, na mabishano hayo hayajaisha. Mimi naona tikiti si kitu kikubwa. Kikubwa ni karatasi. Kila mara mwalimu anapomutuma mutoto kwa ofisi, anaandika: nani, kosa gani, wapi, saa ngapi. Oregon walitengeneza hata programu ya kompyuta ya kuhesabu hayo. Tuseme grafu inaonyesha kwamba nusu ya fujo inatokea katika koridori moja saa sita. Hapo hauitaji kanuni mupya wala azabu kali. Unaitaji mutu mukubwa katika ile koridori, ao kubadilisha saa ya kengele. Sisi wa agronomia tunaelewa hiyo bila mufasiri: mahindi ikigeuka manjano hatuichape, tunaenda kuangalia udongo.

Katika mwaka 1998 wizara ya elimu ya Marekani ilianza kulipia kituo cha kusambaza mbinu hiyo, na shule zikaingia kwa maelfu. Na hapo shida ya kweli ikaonekana. Kuanza ni rahisi. Formasio ya siku mbili, mabango kwenye ukuta, prefe mwenye moyo. Kisha yule prefe anahamishwa, anakuja mwingine na mambo yake, na kisha miaka miwili mabango yanabaki bila watu. Hii historia sisi tunaijua sana. Ni mara ngapi tumepita karibu na kibao chenye kutu, kimeandikwa jina la proje na jina la mufadhili, na shamba la mufano nyuma yake limekuwa majani?

Njo maana kazi ikageukia distrikti. Watu wa Oregon walishauri kwamba kabla ya kuanza, karibu 80% ya wafanyakazi wa shule wakubali, na kwamba wapange miaka mitatu mupaka mitano, si mumoja. Lakini shule peke yake haiwezi kushikilia ahadi ya miaka mitano. Anayeweza ni yule aliye juu yake: anaingiza mushahara wa kocha katika bidjeti ya kawaida, anatoa saa kwa timu ya shule kukutana, anaangalia namba za kila shule, na akitafuta prefe mupya anauliza tangu mwanzo kama anakubali kazi hii.

Maryland walijaribu hiyo kwa upana zaidi. Wizara ya elimu ya jimbo, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na hospitali ya magonjwa ya akili ya Sheppard Pratt zilifanya kazi pamoja na distrikti, na shule zikapata makocha wa kuzitembelea. Watafiti wakachukua shule 37 za musingi, wakapiga kura kuchagua zipi zianze na zipi zingoje, wakafuata kwa miaka mitano. Katika zile zilizopata formasio, watoto waliofukuzwa kwa muda walipunguka. Baadaye Kent McIntosh na wenzake walitafuta ni shule gani zinaendelea na zipi zinaacha. Jambo moja lililotokea ni ujirani: shule iliyo peke yake katika distrikti yake inaacha kwa urahisi, na iliyo katikati ya zingine nyingi zenye kufanya vile inashika.

Sasa tuende Los Angeles, kwa sababu ni pale unaona distrikti ikisema tu, bila kubeba. Katika mwaka 2007, wazazi wa kusini mwa muji, waliojikusanya katika chama cha CADRE, walisukuma mupaka halmashauri ikapitisha sheria: kila shule ifuate mbinu ya tabia chanya. Karatasi ilikuwa nzuri. Kisha ikaja krizi ya uchumi ya 2008, na distrikti ikafukuza wafanyakazi wengi. Wale wazazi hawakulala. Walirudi kuchunguza shule za mutaa wao, na katika mwaka 2010 walitoa raporo yao wenyewe kuonyesha kwamba shule nyingi zilikuwa bado mbali na kile kilichoandikwa.

Katika mwaka 2013 halmashauri iliongeza hatua: ikakataza kufukuza mwanafunzi kwa muda juu ya «ukaidi» peke yake, neno ambalo lilikuwa linameza kila kitu, na ambalo liliangukia watoto weusi kuliko wengine. Watoto waliofukuzwa wakapunguka kwa kweli. Lakini walimu wakaanza kulalamika: mumetunyanganya fimbo, na mutu wa kutusaidia hamukumuleta. Katika kalasi kuko watoto karibu 40, wawili wanapigana, na mushauri wa shule iko na mamia ya watoto wengine kwenye liste yake. Kuko waliosema basi turudishe kufukuza. Mimi siwafuati pale, lakini malalamiko yao yalikuwa ya haki.

Mwezi wa kwanza 2019, walimu zaidi ya 30,000 wa Los Angeles waligoma siku sita za masomo. Mushahara ulikuwa mezani, ndiyo, lakini pamoja nao kulikuwa ukubwa wa kalasi, wauguzi, na washauri. Mapatano waliyotia sahihi yaliweka namba: kwa sekondari, mushauri mumoja kwa wanafunzi 500.