Kabla ya saruji na mabati: jinsi wazee wa Kasongo na Kabambare walivyojenga na pori

KASONGO, Maniema – Pakitajwa kujenga nyumba za mapumziko kwa wageni, zenye bafu zuri na upepo wa msituni, wengi wetu tunafikiria kwanza saruji, mabati na malori yatakayovileta. Barabara zetu zinajulikana. Kila mfuko wa saruji unaofika kusini mwa Maniema umelipiwa safari ndefu. Lakini historia ya eneo hili inaonyesha kwamba watu walikaa hapa vizuri, katika nyumba za ubaridi, bila kungoja lori lolote.

Vijiji vilivyopangwa kwa jua

Mwezi wa Septemba 1869 msafiri David Livingstone alifika Bambarre, yaani Kabambare. Alipita huko mara kadhaa, na mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza ndani ya nyumba kwa muda mrefu. Alipata nafasi ya kutazama, na aliyoyaona aliyaandika katika daftari zake.

Aliandika kwamba vijiji vya Wamanyema vilikaa kwenye miteremko ya vilima. Njia kuu ya kijiji mara nyingi ilitoka mashariki kwenda magharibi, ili jua likaushe haraka unyevu wa mvua. Nyumba zilisimama kwa mstari, na kila mwisho wa njia palikuwa na baraza la watu kukutana. Kuta zilikuwa za udongo uliopondwa vizuri. Paa lilishuka chini, likiwa limeezekwa kwa majani mapana kama ya mgomba. Shina la kila jani lilikatwa pengo dogo, likaning'inizwa kwenye fito za mchikichi, bila msumari hata mmoja. Maji ya mvua yaliteremka upesi, na ukuta haukulowa.

Fundi yeyote wa leo anaweza kueleza faida yake. Nyumba iliyofuata njia ya mashariki na magharibi inalipa jua la asubuhi na la jioni upande wake mfupi. Udongo mnene hupokea joto polepole, kwa hiyo mchana ndani kuna ubaridi. Paa la majani halina kelele mvua inaponyesha. Nyumba ikichakaa, vifaa vyake vinarudi ardhini, hakuna takataka inayobaki.

Livingstone aliongeza jambo moja la kuchekesha, nalo lina uzito: nyumba hizo zilikuwa safi, na kunguni hawakujulikana kabla ya wafanyabiashara wa Kiarabu kufika. Alisema kwamba kwa kunguni tu mtu angeweza kutambua wageni hao walipita wapi. Anayefungua nyumba ya wageni leo afikirie hayo: mgeni huja na fedha zake, na huja pia na mengine.

Fahari ya Tongoni na gharama yake

Miaka michache baadaye Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed wa Zanzibar, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makubwa. Mji huo haukuwa mahali ulipo mji wa sasa. Ulikuwa pale panapoitwa Tongoni, jina linaloelezea mahame.

Jeshi la Dola Huru ya Kongo, likiongozwa na Dhanis, liliuteka mji huo tarehe 22 Aprili 1893. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi hilo, aliandika kwamba walikuta nyumba kubwa zenye vyumba vya kuogea, vitanda vyenye magodoro ya hariri na vyandarua, na bustani za machungwa, mapera, makomamanga, mananasi na maembe. Ukisoma maneno hayo utadhani ni tangazo la hoteli.

Lakini Hinde huyo huyo aliandika pia kwamba mji ulijengwa pembeni mwa pori kubwa, na miti ilikuwa imefyekwa kwa maili nyingi kuuzunguka. Shamba moja tu la mpunga lilimchukua saa moja na nusu kulipita akiwa juu ya mnyama. Na waliofyeka, waliolima na kuteka maji ya bafu hizo, wengi wao walikuwa watumwa. Raha ya wachache ilikaa juu ya migongo ya wengi na juu ya pori lililoondoka. Baada ya vita mji ukahamishwa, na Tongoni ikabaki mahame.

Miaka ya karibuni wanaakiolojia wa Kongo na wa Ubelgiji wamefanya kazi Tongoni na kukusanya kumbukumbu za wazee. Kazi hiyo imeonyesha kwamba historia ya Waungwana wa Maniema bado iko ardhini na midomoni mwa watu.

Somo la leo

Baada ya ukoloni kuingia, tofali la kuchoma na bati vikawa alama ya maendeleo. Bati huzuia mvua kwa miaka mingi, hilo hakuna anayelikana. Lakini mchana huwaka joto, na kila tanuru la matofali hula miti mingi.

Kwingineko watu wameshajaribu njia nyingine. Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, kuna tangu miaka ya 1990 nyumba saba za wageni zilizoezekwa kwa makuti. Zinakinga maji ya mvua kwenye paa, zinapata umeme wa jua, na vyoo vyake havitumii maji. Wageni wanalipa kulala humo, na fedha hiyo husaidia kuhifadhi matumbawe na msitu wa kisiwa.

Kasongo na Kabambare vina udongo, mchikichi, majani na mito. Kinachopungua ni mikono inayojua kazi hiyo: wazee wanaojua kuponda udongo usipasuke na kupanga majani yasivuje wanazidi kuondoka, na vijana wanajifunza saruji peke yake. Atakayejenga mapumziko katika vilima hivi aanze kwa kuwaita wazee hao na kuwalipa vizuri, wafundishe vijana. Tongoni ilikuwa na bafu na bustani, lakini waliozihudumia hawakulipwa.